Moyo Uliopasuliwa na Dawa Iliyokatizwa

Mtu akisha kupasuliwa kidari, mshipa uliovunwa mguuni mwake ukapandikizwa juu ya moyo ili damu ipate njia mpya badala ya ile iliyoziba, akazinduka katika usingizi wa nusukaputi, akatolewa mpira wa kupumulia, akaketi kitandani na kunywa uji mbele ya jamaa zake, kila aliye karibu naye hudhani kwamba hatari imekwisha pita. Kumbe aghalabu ni siku ya pili au ya tatu baada ya upasuaji, wakati nyuso zimekwisha kunjuka na shukurani zimekwisha tolewa, ndipo moyo unapoanza kwenda mbio bila ya mpango, na tarakimu zilizokuwa zimetulia kwenye 80 katika kioo cha mashine zikaruka hadi 140, zikashuka, zikapanda tena, na mgonjwa akalalamika kwamba kifua kinamdunda na pumzi hazimtoshi.

Huo ndio mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Katika hali ya uzima umeme wa moyo huanzia mahali pamoja, ukashuka kwa taratibu kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, na kila chumba kikajikunja kwa zamu yake. Lakini katika mpapatiko umeme huo hutawanyika ovyo, na vyumba vya juu, badala ya kujikunja, hutetemeka tu zaidi ya mara 300 kwa dakika, mfano wa wapiga makasia walioacha kumsikiliza nahodha, kila mmoja akavuta kwa wakati wake na chombo kisiende popote. Vyumba vya chini hupokea amri hizo zilizovurugika na kupiga kwa kasi isiyo na mizani, na damu inayosukumwa hupungua, kwa kuwa vyumba vya juu huchangia takriban humusi ya damu inayojaza vile vya chini, na kwa mzee ambaye moyo wake umekakamaa huchangia zaidi ya hapo. Fauka ya hayo, damu inayotuama katika kijifuko kilicho upande wa kushoto wa moyo huweza kuganda, na bonge likichukuliwa na mkondo hadi kichwani, mtu aliyeokolewa na maradhi ya moyo huamka ameangukiwa na kiharusi.

Jambo hili si la nadra hata kidogo. Tangu René Favaloro, tabibu wa Argentina, alipoanza kuipa sifa kazi ya kupandikiza mshipa wa mguu katika mji wa Cleveland huko Marekani mwaka 1967, mikono ya wapasuaji imekuwa mahiri zaidi, nyuzi zimekuwa nyembamba zaidi na vifo vimepungua sana, illa mpapatiko huu umekaa pale pale kama mpangaji asiyehama. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004 na Joseph Mathew na wenzake, waliofuatilia wagonjwa 4,657 katika vituo 70 vya nchi 17, ulikuta kwamba 1,503 miongoni mwao, yaani karibu thuluthi moja, waliingiwa nao baada ya upasuaji. Kazi ikiambatana na kutengeneza au kubadilisha vali, sehemu hiyo hupanda na huweza kufika nusu au kuizidi.

Basi ni nani anayeingiwa, na kwa nini huyu na si yule? Kihatarishi kinachotangulia vyote ni umri. Utafiti huo wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kwa kila muongo mmoja anaouongeza mtu, uwiano wa hatari yake hupanda kwa takriban robo tatu, na sababu yake haina fumbo: kadiri miaka inavyopita, nyama laini ya vyumba vya juu huingiliwa na nyuzi ngumu zisizopitisha umeme vizuri, na umeme unaokutana na vizuizi hivyo hugeuka, huzunguka na kujirudia. Aliyewahi kuwa na mpapatiko zamani, hata kama ulimpata mara moja ukaondoka, hubeba hatari maradufu ya asiyewahi. Wanaume huingiwa zaidi kidogo kuliko wanawake. Hupita katika njia hiyo hiyo mwenye mapafu yaliyochakazwa na tumbaku au na moshi wa miaka mingi, mwenye moyo uliochoka hata ukashindwa kusukuma damu ipasavyo, mwenye figo dhaifu, mwenye uzito uliopita kiasi, na yule anayekoroma usiku hata pumzi zikamkatika usingizini, ambaye mara nyingi mkewe anaijua habari hiyo kuliko daktari wake.

Shinikizo la damu lastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndilo lililotapakaa zaidi katika miji yetu na ndilo linalodharauliwa zaidi. Presha iliyoachwa kwa miaka haimpi mtu maumivu, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa si maradhi. Lakini siku zote hizo chumba cha chini cha kushoto kinazidi kuwa kinene kwa kusukuma dhidi ya ukinzani, na chumba cha juu kilicho nyuma yake, kikilazimika kumimina damu ndani ya chumba kisichotanuka, chenyewe hutanuka, kikanyooka na kukonda kuta zake. Moyo wa namna hiyo huingia katika chumba cha upasuaji ukiwa umekwisha andaliwa mpapatiko, na kisu hakifanyi ila kuukamilisha.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo sitalipita kimya. Tafiti kadhaa za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi wa nchi hiyo huingiwa na mpapatiko huu kwa uchache kuliko weupe, ilhali wao ndio wenye presha nyingi zaidi. Nimewahi kumsikia mtu akilitumia neno hili kama ngao, kana kwamba rangi ya ngozi ni dawa. Asidanganyike: uchache wa wengi haumkingi mmoja.

Upasuaji wenyewe nao una sehemu yake ya lawama, nayo ni kubwa. Moyo husimamishwa, damu ikapitishwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, vyumba vya juu vikatiwa mipira, na baada ya hayo mwili wote hujibu kwa uvimbe na kwa kumwaga homoni za taharuki, hasa adrenalini, kwa wingi ambao moyo haujauzoea. Damu na majimaji machache hubaki ndani ya mfuko unaouzunguka moyo na kuuwasha kwa nje. Ndiyo maana mpapatiko aghalabu huja siku ya pili hadi ya nne kuliko siku ya kwanza: hungojea uvimbe ufike kileleni. Mwaka 2021 Mario Gaudino na wenzake wa New York walitangaza matokeo ya jaribio lao juu ya wagonjwa 420, ambamo kwa nusu yao mpasuaji aliukata mfuko huo mkato mdogo kwa nyuma ili majimaji yapate kutiririkia upande wa kushoto wa kifua. Walioingiwa na mpapatiko katika waliokatwa walikuwa asilimia 17, na katika wasiokatwa asilimia 32. Tendo la dakika chache, lisilohitaji mashine mpya wala dawa ya thamani, limepunguza balaa kwa karibu nusu. Na mimi naona ajabu kwamba habari kama hii haivumi kama zinavyovuma habari za mitambo ya mabilioni.

Lakini makala hii sikuiandika kwa ajili ya mkato huo, ambao ni shauri la wapasuaji, wala kwa ajili ya umri, ambao hauna tabibu. Nimeiandika kwa ajili ya kihatarishi kimoja kilicho katika orodha ile ile ya mwaka 2004, kisichotoka kwa Mungu wala kwa wazazi, bali hutengenezwa na watu kwa mikono yao: nacho ni kukatiza dawa ambayo mgonjwa alikuwa akiitumia kabla ya upasuaji. Wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, zile za jamii ya beta bloka kama atenololi, bisoprololi na karvediloli, kisha wasirudishiwe baada ya kupasuliwa, walionekana kuwa na uwiano wa hatari ulio karibu na maradufu. Na waliokatiziwa dawa fulani za presha, zile zinazozuia kimeng'enya kinachobana mishipa, nao walipanda ngazi hiyo hiyo. Waliodumishiwa dawa zao kabla na baada, hatari yao ilishuka.

Sababu ya jambo hili ni wazi kwa anayetaka kulifahamu. Beta bloka hukaa katika milango ya moyo ambayo adrenalini huingilia, ikaifunga. Moyo uliofungiwa milango kwa miezi au miaka haukai bure, bali huzidisha idadi ya milango ili upate kusikia sauti iliyopungua. Na dawa ikiondolewa kwa ghafula, milango yote, ya zamani na mipya, hubaki wazi kwa mara moja. Fikiri sasa kwamba milango hiyo imefunguliwa katika siku ile ile ambayo mwili, kwa sababu ya kisu, maumivu na kukosa usingizi, umejaa adrenalini pengine kuliko siku yoyote nyingine ya maisha yake. Nani atashangaa moyo ukipotea njia?

Nayo dawa hukatizwa vipi? Hukatizwa kwa njia nyingi, na karibu zote hazina nia mbaya. Mgonjwa huambiwa jioni ya kuamkia upasuaji asile wala asinywe kitu, naye kwa utii wake huacha na kidonge, ilhali pengine daktari alitaka kidonge hicho kimezwe kwa funda moja la maji. Baada ya upasuaji presha huwa chini kwa siku moja au mbili, na dawa husimamishwa kwa haki kabisa, kwa kuwa kumpa mtu dawa ya kushusha presha iliyokwisha shuka ni kumdhuru. Lakini presha ikisha kupanda na moyo kupata nguvu, mgonjwa amekwisha hamishwa kutoka chumba cha wagonjwa mahututi kwenda wodi ya kawaida, zamu ya wauguzi imebadilika, karatasi mpya imeandikwa, na katika karatasi hiyo mpya dawa ya zamani haimo. Hakuna aliyeamua kwamba isirudi. Ila hakuna aliyeamua kwamba irudi. Kosa la namna hii halina mwenyewe, na kosa lisilo na mwenyewe ndilo gumu kuliondoa.

Na kabla hata ya kufika hospitali, sisi wenyewe tumekwisha zoea kukatiza. Mtu wa presha katika nchi zetu humeza dawa mwezi huu, akapimwa, akaambiwa imeshuka, akazitupa kwa furaha mwezi ujao, kana kwamba presha ni homa ya malaria inayotibiwa ikaisha. Mwingine huacha kwa kuwa fedha zimekwisha na duka la dawa halikopeshi. Mwingine husafiri kwenda mazishini na mfuko wa dawa ukabaki nyumbani. Mwingine, ukiandama mwezi wa Ramadhani, hupunguza dozi kwa shauri lake mwenyewe, ilhali angemuuliza tabibu wake mapema angepangiwa namna ya kumeza usiku pasipo kuharibu saumu wala afya, au angeambiwa kwamba hali yake inampa ruhusa ya kutofunga. Mtu wa tabia hizi akipelekwa upasuaji, na akaulizwa anatumia dawa gani, hujibu kwamba anatumia kidonge kidogo cheupe cha asubuhi. Vidonge vyeupe ni mamia.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nyingine pia: si kila kilichosadikiwa kuwa kinga kimethibiti kuwa kinga, na elimu yenyewe imejifunza hadhari. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi katika vyumba vya mahututi kumwongezea mgonjwa potasiamu kwa mshipa ili kiwango chake kisishuke chini ya 4.5, kwa imani kwamba kushuka kwake huleta mpapatiko. Mwaka 2024 majibu ya jaribio lililofanywa Uingereza na Ujerumani katika hospitali 23, juu ya wagonjwa 1,690 wa upasuaji huu wa mishipa, yalitoka yakionyesha kwamba kungojea hadi kishuke chini ya 3.6 hakukuongeza mpapatiko kwa kiasi cha kutia shaka: asilimia 27.8 kwa waliongojewa na asilimia 26.2 kwa walioongezewa mapema. Dawa za kushusha mafuta, zile za statini, nazo zilitumainiwa sana, hata jaribio la Beijing lililowashika watu 1,922 likaonyesha mwaka 2016 kwamba kuzianza kabla ya upasuaji hakupunguzi mpapatiko hata chembe. Amiodaroni, kwa upande wake, imethibiti. Jaribio la Kanada la mwaka 2005 juu ya watu 601 lilishusha hesabu kutoka asilimia 29.5 hadi 16.1. Lakini ni dawa yenye madhara yake, na haifai kupewa kila mtu. Katikati ya matumaini haya yaliyovunjika na haya yaliyosimama kwa gharama, kumrudishia mtu dawa aliyokuwa nayo jana ni jambo sahali, rahisi kwa bei, na lenye ushahidi.

Wapo watakaosema kwamba kumweleza mgonjwa habari hizi kabla ya kisu ni kumtia hofu, na kwamba mzee anayekwenda kupasuliwa kifua ana mzigo wa kumtosha. Siafikiani nao. Asiyeambiwa, siku moyo wake unapokwenda mrama, hudhani upasuaji umeharibika. Jamaa zake hukusanyika mlangoni kwa vilio, wengine wakataka ahamishwe, wengine wakamtafuta mchawi. Aliyeambiwa kwamba watu 3 katika 10 hupatwa na hali hii, na kwamba kwa walio wengi hupita, huipokea kwa utulivu. Na ni kweli kwamba hupita: katika jaribio la Marekani na Kanada lililochapishwa mwaka 2016 na Marc Gillinov na wenzake, lililowagawa wagonjwa 523 baina ya kupunguziwa kasi tu na kurudishiwa mapigo ya kawaida, njia zote mbili zilikwenda sawa kwa idadi ya siku za kulazwa, na baada ya siku 60 zaidi ya watu 9 katika kila 10 wa kila upande hawakuwa tena na mpapatiko.

Ila kupita kwake kusitufanye tulale. Kila siku ya ziada kitandani ni gharama, na kwa jamaa waliotoka Kigoma au Lamu ni gharama mbili, ya hospitali na ya makao. Hatari ya kiharusi huongezeka. Na aliyeingiwa mara moja hubaki karibu zaidi na kuingiwa tena miaka ijayo. Mtu wa namna hiyo yampasa aende kliniki akapimwe umeme wa moyo, na daktari wake aamue kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda na kwa muda gani. Aghalabu karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa haisemi neno juu ya mpapatiko uliompata, kwa kuwa ulikwisha, na tabibu wa wilayani anayempokea hajui kwamba kulikuwa na jambo.

Zamani haya yangeweza kuitwa mambo ya Wahindi na Wazungu, kwa kuwa mgonjwa wa moyo wa Tanzania aliyehitaji kisu alipelekwa India, na aliyoyapata huko alirudi nayo kimya. Leo sivyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Upanga, Dar es Salaam, huipandikiza mishipa hiyo hapa hapa nyumbani, na Nairobi nako kazi hii inafanywa. Upasuaji umekuwa wetu, basi na siku ya tatu baada ya upasuaji imekuwa yetu.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia wodi za upasuaji wa moyo waweke jambo moja tu katika kanuni zao: kila asubuhi, kwa kila mgonjwa, mtu mmoja mwenye jina na dhamana alinganishe dawa za leo na dawa alizokuja nazo, na kila iliyokosekana iandikwe sababu ya kukosekana kwake, presha kuwa chini, mapigo kuwa ya polepole mno, pumu, au nyingineyo, pamoja na siku ya kuitazama tena. Na wewe msomaji, ikiwa una mzazi anayengojea upasuaji huu, usimwachie yeye peke yake kukumbuka. Mfungie dawa zake zote katika mfuko mmoja na makasha yake, nenda nao hospitali, mwulize daktari ni zipi zimezwe asubuhi ya upasuaji, na siku ya pili baada yake rudi ukaulize kwa adabu kama zile zilizosimamishwa zimerudishwa, na kama hazijarudishwa, zitarudishwa lini.